Kishikwambi katika darasa la watoto wenye usonji: mwongozo kamili kwa mwalimu

Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani viligawiwa walimu wa shule za umma Tanzania. Katika shule nyingi vinatumika kujaza taarifa na kupokea ujumbe wa kikazi. Katika kitengo cha watoto wenye usonji, kifaa hichohicho kinaweza kumpa mtoto asiyeongea njia ya kusema "naumwa". Kinaweza kumwonyesha kinachofuata kabla hajaanza kuhangaika, na kumrudishia herufi moja mara thelathini kwa sauti ileile bila kuchoka wala kukunja uso.

Kinaweza pia kumpotezea mwaka. Mtoto anakaa pembeni na kurudia mlio mmoja asubuhi nzima, na kwa kuwa ametulia, kila anayepita anaamini anasoma.

Mwongozo huu ni wa mwalimu mwenye kishikwambi kimoja au viwili, watoto sita hadi kumi, umeme usiotabirika na bando la kujinunulia. Kipimo ninachokitumia toka mwanzo hadi mwisho ni kimoja: alichojifunza mtoto kwenye kioo kionekane wakati wa uji, chooni na nyumbani kwao. Kama hakijaonekana huko, kazi bado haijaisha.

Kama kifaa ni mali ya serikali au ya shule, zungumza kwanza na mwalimu mkuu kuhusu programu unazotaka kuweka na watoto watakaozitumia. Hilo likishakubaliwa, endelea.

Hatua ya 1: Mjue mtoto kabla ya kutafuta programu

Walimu wengi huanza kwa kuuliza programu ipi ni nzuri. Swali hilo lina nafasi yake, ila linakuja la pili. La kwanza ni: mtoto huyu anakwama wapi, na kukwama huko kunamgharimu nini kila siku?

Keti na mzazi au mlezi. Muulize mtoto akiwa na njaa anafanyaje, akiumwa anajuaje, kitu gani kinamtuliza na sauti gani inamtisha. Utasikia mambo ambayo hayamo kwenye faili. Mama mmoja atakwambia mwanawe humvuta mkono hadi kwenye mtungi wa maji. Mwingine atasema wake hupiga kichwa ukutani na hakuna aliyewahi kujua sababu. Huyo wa kwanza tayari ana nia ya kuwasiliana, anakosa chombo tu. Huyo wa pili anahitaji kwanza njia ya kusema panapouma, na herufi zisubiri.

Andika lengo moja kwa sentensi ambayo mtu yeyote anaweza kuikagua kwa macho: "Ataomba uji kwa kugusa picha, bila kushikwa mkono, siku nne kati ya tano." Lengo kama "kuboresha mawasiliano" halitakusaidia, kwa sababu hutajua limetimia lini. Liingize kwenye mpango binafsi wa mtoto na umwonyeshe mzazi.

Hatua ya 2: Chagua programu kwa kuijaribu wewe mwenyewe

Kaa na programu jioni kama nusu saa, uitumie kama mtoto: bonyeza ovyo, kosea makusudi, iache bila kuigusa. Angalia kama matangazo yanaruka kioo kizima, maana tangazo moja linaweza kuvunja somo. Zima data uone kama bado inafanya kazi. Tazama kama muziki na michoro inayochezacheza vinazimika, na kama kuna taa za kumwekamweka. Kifafa huonekana zaidi kwa watu wenye usonji kuliko kwa wengine, kwa hiyo programu yenye mwanga wa kupepesa usiitumie hata kama masomo yake ni mazuri.

Halafu angalia kinachotokea mtoto anapokosea. Programu nyingi hutoa kicheko au mlio wa kuchekesha kwenye kosa. Watoto wetu wengi wanaupenda mlio huo kuliko makofi ya jibu sahihi, hivyo watakosea kwa bidii ili wausikie. Tafuta programu ambayo kosa halitoi chochote, au linarudisha swali kimyakimya.

Kwa mawasiliano, LetMeTalk ni ya bure, inatumika kwenye Android bila intaneti, na unaweza kuongeza picha zako. Picha zake zinatoka kwenye hazina ya ARASAAC, inayomilikiwa na serikali ya jimbo la Aragón nchini Hispania. Picha hizo ni bure kwa matumizi yasiyo ya biashara, na unaweza kuzichapisha kwenye karatasi. Cboard nayo ni ya bure, na inakuruhusu kurekodi sauti yako kwenye kila kitufe. Proloquo2Go ni nzuri sana, lakini ni ya vifaa vya Apple na bei yake ni kubwa. Kwa darasa letu kuanza na za bure hakupunguzi kitu, kwa kuwa mtoto anajifunza kutokana na namna unavyotumia pamoja naye ubao wa mawasiliano, yaani ukurasa wa picha zinazotoa sauti zikiguswa.

Kwa kusoma na kuhesabu, tunayo bahati ambayo lugha nyingi za Afrika hazina. Kuanzia mwishoni mwa 2017, vijiji takriban 170 mkoani Tanga vilikuwa uwanja wa mashindano ya Global Learning XPRIZE. Watoto walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili za kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu wenyewe. Mwaka 2019 timu za onebillion na Kitkit School ziligawana ushindi, na programu za washindani wote watano wa fainali ziliachwa wazi kwa umma. Sooinn Lee, mmoja wa waanzilishi wa kampuni iliyotengeneza Kitkit School, aliingia kwenye kazi ya programu za watoto baada ya kupata mtoto mwenye mahitaji maalum. Pengine ndiyo maana mazoezi yake hayamkimbizi mtoto. Ila kumbuka programu hizo zilibuniwa kwa mtoto anayejifunza bila mwalimu. Kwa mtoto mwenye usonji, kaa ubavuni mwake.

Kwa hadithi, African Storybook ina vitabu vingi vya Kiswahili vya bure, na inakuruhusu kutunga chako. Tutarudi hapo.

Weka programu mbili au tatu, basi. Kioo kilichojaa vitufe kinamchanganya mtoto, na wewe pia hutaifahamu hata moja vizuri.

Hatua ya 3: Andaa kifaa kabla mtoto hajakiona

Ondoa YouTube na michezo kwenye ukurasa wa kwanza, au ifiche kabisa. Zima taarifa zote zinazochomoza juu ya kioo, weka hali ya ndege, punguza mwangaza na sauti. Nunua kava nene la mpira lenye mshikio, kwa sababu kishikwambi kitaanguka.

Kisha kifunge kwenye programu moja. Kwenye Android, fungua mipangilio, nenda sehemu ya usalama, utakuta uwezo wa kubandika programu ili mtoto asitoke bila nywila. Jina na mahali pake hutofautiana kidogo kati ya kampuni na kampuni, hivyo tumia kisanduku cha kutafutia ndani ya mipangilio. Kwenye iPad uwezo huo unaitwa Guided Access. Unauwasha kwenye mipangilio, kisha unabonyeza mara tatu kitufe cha nyumbani au cha pembeni, na unaweza hata kuzima eneo fulani la kioo na kuweka ukomo wa muda.

Chaji usiku. Kama shuleni hakuna umeme wa uhakika, pawabenki moja nzuri inatosha. Hata hivyo, usimtegemeze mtoto kwenye kifaa pekee: kila ubao wa mawasiliano ulio kwenye kioo uwe na nakala ya karatasi iliyolaminetiwa, picha zikiwa mahali palepale.

Hatua ya 4: Jenga ubao wa mawasiliano

Hapa ndipo ningetaka utumie muda wako mwingi. Mtoto anayeweza kuomba, kukataa na kusema anaumwa hana haja ya kupiga kelele au kuuma mtu ili aeleweke, na masomo mengine yote yanapata pa kuingilia.

Anza na vitufe vinne hadi sita. Kimoja au viwili viwe vya kitu anachokipenda kupita kiasi, iwe uji, bembea au kile kitambaa chake. Vingine viwe vya maneno yanayofanya kazi kila mahali: "ongeza", "sitaki", "nisaidie", "basi". Walimu huwa tunasahau "sitaki". Tunaweka majina ya vyakula na wanyama, tunamnyima mtoto neno analolihitaji kuliko yote. Akilibonyeza, liheshimu. Kama ni jambo lisiloepukika, mwambie, "Nimesikia hutaki. Tunanawa mara moja, halafu basi," ili ajue kitufe kile kina nguvu hata pale ambapo hakikumpatia alichotaka.

Piga picha za vitu vya hapohapo. Picha ya choo cha kukalia cheupe haimwambii chochote mtoto anayetumia choo cha kuchuchumaa. Piga picha ya mlango wa choo chenu, kikombe chenu cha plastiki, bembea ya tairi iliyo uwanjani. Kwa maneno yasiyo na umbo kama "nisaidie", mchoro wa ARASAAC unatosha.

Sauti za kompyuta za Kiswahili zipo, na kwenye Android sauti ya Google inasomeka vizuri. Mimi napendelea sauti ya binadamu. Mwombe mwanafunzi wa darasa la tatu au la nne, kwa idhini ya wazazi wake, arekodi maneno hayo: msichana kwa msichana, mvulana kwa mvulana. Mtoto anapobonyeza inasikika sauti ya mwenzake wa rika lake, na wanafunzi wengine wanamwitikia kwa urahisi zaidi. Tumieni maneno yanayosemwa nyumbani kwao. Kama mama ana neno lake la kusema "nenda pale", rekodi hivyohivyo.

Sasa namna ya kufundisha. Tuchukue saa nne, wakati wa uji. Mimina kidogo kwenye kikombe, funda mbili tu, ukishike mahali anapokiona. Kishikwambi kiwe mbele yake, ukurasa wa uji umefunguliwa. Usimuulize "unataka nini?", maana atajifunza kusubiri swali. Nyamaza. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi. Kumi hiyo ni ndefu kuliko unavyofikiri, na wengi wetu tunaingilia kwenye tatu. Asipogusa, elekeza macho yako kwenye picha. Asipogusa bado, nyoosha kidole karibu nayo. Mwisho kabisa, gusa kiwiko chake taratibu. Usimkamate kidole ukakibonyeza: akizoea hivyo, atakunyooshea mkono kila siku akusubiri umfanyie. Akigusa, sauti inatoka, "uji", nawe papo hapo unasema "Uji! Haya, uji," na kumpa. Ucheleweshaji wa sekunde chache unatosha kumpotezea uhusiano kati ya kitufe na kikombe. Funda mbili zikiisha, kazi inaanza upya. Kikombe kimoja kinaweza kukupa nafasi nane za kufundisha bila mtoto kuhisi yuko darasani.

Wewe nawe tumia ubao huo unapozungumza naye. Unaposema "twende nje", gusa "twende". Mtoto mwingine husikia maneno takriban mwaka mzima kabla ya kutamka lake la kwanza, na huyu naye aone watu wakizungumza kwa vitufe kabla ya kudaiwa kuvitumia. Matroni, mpishi na mlinzi wa geti wafundishwe pia, maana nao anawahitaji.

Wazazi watauliza, na wana haki ya kuuliza: "Akizoea hiki kidude, si hataongea tena?" Jibu ni hapana, na lina ushahidi. Mwaka 2014 Connie Kasari wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na wenzake walichapisha utafiti uliohusu watoto 61 wenye usonji, umri wa miaka 5 hadi 8, waliokuwa na maneno machache mno. Wote walipata mafunzo ya kucheza na kuwasiliana, na kundi moja likaongezewa kifaa kinachotoa sauti. Kundi lenye kifaa ndilo lililoendelea zaidi katika kuwasiliana kwa hiari yao.

Kifaa cha mawasiliano hakinyang'anywi kama adhabu. Hata akikitupa chini, kirudi mkononi mwake akitulia. Huwezi kumfunga mtu mdomo kwa sababu amekasirika.

Hatua ya 5: Kipindi chenyewe

Kwa masomo ya kawaida, dakika kumi zinatosha mwanzoni, na kwa wengine tano. Chagua kona moja, kiti kilekile, ubavu ukielekea dirishani ili kioo kisimmulike machoni. Asiyevumilia kelele mpe hedifoni zinazofunika masikio, akizikubali. Usimlazimishe.

Kabla ya kufungua kifaa, mwonyeshe kadi mbili: "kwanza" na "kisha". Kwanza herufi kwenye kishikwambi, kisha bembea. Ikumbuke tofauti hii: kishikwambi cha kujifunzia kiko upande wa "kwanza". Kama unataka kukitumia pia kama zawadi, tumia programu nyingine kabisa, na ikiwezekana kifaa kingine, ili mtoto asichanganye kazi na starehe.

Anza na kitu anachokiweza, ongeza kipya kimoja, malizia na anachokiweza. Msaada uanze mkubwa kwa jambo jipya na upungue siku hadi siku. Mtoto akijibu kwa kubahatisha haraka haraka, sogeza kifaa mbali na mkono wake, acha swali lisikike lote, kisha umrudishie.

Baadhi ya watoto wetu wamejifunza namba na rangi kwa Kiingereza kutoka kwenye katuni kabla hawajafika shuleni. Akisema "blue", mkubalie, useme "ndiyo, bluu", uendelee. Kumkatalia jibu sahihi kwa sababu ya lugha kunamvunja moyo bure.

Hatua ya 6: Kukirudisha bila vilio

Vurugu nyingi hutokea hapa, na karibu zote zinatokana na mwisho wa ghafla. Weka kipima muda kinachoonekana, kama duara linalopungua rangi, na si mlio peke yake. Dakika mbili kabla, mwonyeshe. Muda ukifika, maliza swali lililopo, usizime katikati. Mtoto mwenyewe abonyeze "basi", aingize kishikwambi kwenye mfuko wake na kukipeleka kabatini. Kitendo hicho cha kukiweka mwenyewe kina uzito mkubwa. Kisha kile ulichomwahidi kitokee palepale, bila "subiri kidogo".

Kwa anayepata shida sana, mtungie hadithi fupi kwenye African Storybook: kurasa tano, sentensi moja kila ukurasa, picha zake mwenyewe kama mzazi ameridhia. "Naitwa fulani. Ninatumia kishikwambi na mwalimu. Duara likiisha, ninakiweka kabatini. Kisha ninabembea. Kesho nitakitumia tena." Isomeni kila siku kabla ya kipindi, akiwa ametulia. Kumsomea akiwa analia hakusaidii.

Akilia hata hivyo, usimrudishie. Kaa karibu, sema maneno machache, mlinde asijiumize, na kesho fupisha kipindi.

Hatua ya 7: Toa stadi kwenye kioo

Kila lililofanyika kwenye kishikwambi lifanyike kwa mikono siku hiyohiyo. Amepanga maumbo kwenye kioo? Mpe vifuniko vya chupa na vipande vya maboksi. Amehesabu embe tatu zilizochorwa? Ahesabu maharage, kisha vikombe vya wenzake. Amefuatisha herufi "m" kwa kidole? Aifuatishe kwenye mchanga, halafu kwa penseli. Mara nyingi utakuta mtoto aliyepata yote kwenye kifaa anaduwaa mbele ya maharage. Usishangae, na usimhesabie ameshajua. Badilisha kitu kimoja kwa wakati: kwanza vitu, baadaye mahali, baadaye mtu anayeuliza.

Kifaa kimoja, watoto wanane

Mwenye ubao wa mawasiliano apewe kipaumbele, kwani hiyo ni sauti yake. Kama kifaa hakitoshi kumfuata siku nzima, ubao wake wa karatasi ndio utembee naye na kishikwambi kimkute kwenye uji na michezo. Wengine waingie kwa ratiba ya picha ukutani, kila mmoja aone sura yake na zamu yake. Wawili wawili pia inawezekana: mmoja anabonyeza, mwenzake anatafuta kitu kilichotajwa darasani, kisha wanabadilishana. Kusubiri zamu nako ni stadi, na kishikwambi kinaifundisha vizuri kwa sababu wote wanakitaka.

Kumbukumbu

Daftari la kawaida linatosha. Chora safu nne: tarehe, lengo, kiasi cha msaada, na mahali. Kwa msaada tumia alama tatu: P akifanya peke yake, E ukimwelekeza, G ukimgusa. Kila Ijumaa soma safu ya mahali. Kama P zote zimeandikwa "kona ya kishikwambi", rudi hatua ya saba. Kama wiki tatu zimepita na G hazipungui, badilisha kitu: pengine lengo ni kubwa mno, au kile unachomwahidi hakitaki tena. Alama za ushindi ambazo programu inajiandikia yenyewe zinakwambia alichobonyeza, hazikwambii nani alimsogezea mkono.

Nyumbani na likizo

Mwalike mzazi aketi kwenye kipindi kizima, kisha mwachie aendeshe kingine wewe ukitazama. Mwenye simu ya Android anaweza kuwekewa programu ileile ya bure yenye ubao uleule. Asiye nayo apewe karatasi ile iliyolaminetiwa. Mkubaliane jambo moja la kufanya nyumbani, kwa mfano "ongeza" wakati wa chakula cha jioni, na msiongeze la pili hadi hilo likae.

Wiki ya mwisho kabla ya kufunga shule, chapisha ubao mpya na ukague kwamba picha zinalingana na vitu vya kwao: kikombe chao, mlango wa choo chao. Shule ikifunguliwa, anza na vitufe vilevile alivyoviacha, ukianzia na uji, kwa siku tatu nne za kwanza. Kipya kiongezwe pale daftari litakapoonyesha P zimerudi.